Waliponiombea Kanisani, Nami Nimekaa Benchi la Nyuma

Hivi kuna mtu hapa amewahi kuombewa kanisani kwamba amepotea, huku mwenyewe amekaa humo humo anasikiliza?

Mie yamenikuta. Mwaka jana, mwezi wa saba, huko milimani Upare.

Kanisa zima limepiga magoti. Mzee wa kanisa anaomba kwa sauti, "Bwana, mwanao Benson popote alipo, kama ni mzima umlinde, kama ameumia umpelekee mtu wa kumwokota." Akina mama wanalia. Na aliyekuwa analia kuliko wote ni mke wangu, ambaye alikuwa hajanisemesha kwa miezi mitatu.

Na mie Benson nipo benchi la mwisho, mzima kabisa, nina njaa na nina hasira.

Usicheke kwanza. Ngoja nikwambie nilifikaje pale.

Nakaa Mtoni, Temeke. Ni karani kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kutwa nzima najaza fomu. Jina la mwenye mzigo, namba ya kontena, unakotoka, unakokwenda. Bosi wangu, Bwana Hamoud, hupenda kuwaambia wageni kwamba miaka kumi na moja fomu yangu haijawahi kurudishwa kwa kosa.

Mke wangu anaitwa Loveness. Mpare. Tuna miaka minane kwenye ndoa na binti mmoja, Clara, wa miaka sita.

Mwezi wa nne, Wahiba, yule mama mwenye duka jirani yetu, alimwambia Loveness kwamba ameniona Manzese natoka gesti saa saba mchana na mwanamke.

Mke wangu akaniuliza. Nikakataa. Nikaapa. Nikamaind, nikakasirika kwelikweli, mpaka ikafika mahali yeye ndiye ananiomba msamaha kwa kuuliza.

Lakini wiki mbili baadaye nimerudi kazini nakuta nyumba imefagiliwa, chakula kimefunikwa mezani, kabati nusu tupu. Amemchukua mtoto ameenda kwao. Namba yangu ameiblok.

Jamani, nyumba bila mtoto ni mbaya. Nilikuwaga nikirudi Clara ananivua viatu. Sasa narudi, navua viatu mwenyewe, nakaa.

Nikavumilia mwezi wa tano, wa sita. Wa saba nikasema liwalo na liwe, nampigia baba mkwe.

Sasa Mzee Jonas simu yake anaiwasha pale anapotaka kupiga yeye. Ukimpigia wewe, haipatikani. Nilimtafuta siku tisa! Siku ya kumi ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Benson, baba. Mkweo."

Nikasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Unasemaje?"

"Nataka kuja kumchukua mke wangu, baba."

"Mke hachukuliwi kama kreti la soda. Njoo tuongee. Ila nyumbani kwangu hukanyagi mpaka nikutumie mtu akufuate. Mwenye kesi na binti yangu halali kwangu wala hali kwangu. Utafikia gesti, utatulia, utafuatwa. Ndivyo tunavyofanya huku."

"Nimeelewa baba."

"Na ukishafika usinipigiepigie simu."

Hapo niseme ukweli mmoja wa aibu. Miaka minane nilikuwa sijawahi kufika ukweni. Mahari alipeleka baba mdogo, harusi tukafungia Dar. Loveness kila Desemba ananiomba twende, kila Desemba nina sababu. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinanijua kwa jina tu. Sura yangu waliijua baba mkwe na mama mkwe peke yao.

Bwana Hamoud akanipa ruhusa mpaka Jumatatu asubuhi. Jumatano nikapanda basi mpaka Same, pale nikaunga na Noah ya abiria ya kupanda juu.

Zile kona, aisee! Upande huu ukuta wa mlima, upande ule hakuna kitu. Dereva anaendesha mkono mmoja, mwingine anakula muwa. Nilisali sala zote ninazozijua na nyingine nikatunga.

Nimefika saa kumi na moja jioni. Ukungu umeshuka, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Gesti yenyewe ni nyumba ya bati, vyumba vitano, maua ya kwenye makopo mlangoni. Mhudumu ni dada mmoja anaitwa Tabu, sweta mbili na kanga kiunoni.

"Karibu kaka. Pole na safari. Jaza kitabu."

Akanisogezea daftari kubwa la mistari. Jina, kazi, unakotoka, namba ya kitambulisho, sahihi.

Nikachukua peni. Nikaandika: Ansbert Daniel. Mwalimu. Mbweni. Kitambulisho nikapiga kistari. Sahihi nikaizungusha.

Sekunde kumi hazikufika.

Ansbert nilisoma naye sekondari, tulikaa dawati moja. Mbweni, Dar hiyohiyo, nimefika mara mbili maishani, zote kwenye msiba. Ualimu sijawahi kuota.

Najua unachosema. Lakini wewe mwenyewe wa Dar unajua. Gesti nani anaandika jina lake? Wahudumu wenyewe wa Dar ukiandika jina halisi wanakushangaa. Mie nikaandika, nikapewa ufunguo, nikasahau palepale.

"Karibu sana Mwalimu," Tabu akasema.

Nikaona poa tu. Heshima hiyo.

Kero zikaanza usiku uleule. Hapo ndipo nilipojua kumbe mie ni mtu wa Temeke haswa.

Laini yangu haishiki mtandao hata nukta moja. Taa ni ya sola, saa tatu inazimika yenyewe. Choo kiko nje, hatua ishirini, na kila hatua baridi inakuchapa. Maji ya kuoga ni ndoo moja, yamechemshwa kwa kuni, unaoga unanuka moshi kama umetoka kukaanga samaki.

"Dada Tabu, hakuna hita?"

"Hita ndiyo mimi, Mwalimu."

Asubuhi ya Alhamisi nikaomba chai ya rangi. Nikaletewa mchaichai.

"Dada, nimesema chai. Majani."

"Majani ya chai hatutumii. Huku wengi ni Wasabato. Kuna mchaichai, kuna tangawizi."

"Kahawa?"

Akanitazama kama nimeulizia gongo.

Chakula kilikuwa makande. Mchana makande, jioni makande. Siyasemi vibaya makande, ni matamu, yamewekwa nazi... hapana, hata nazi hayakuwekwa, yamewekwa maziwa. Lakini mtu umezoea ukitoka kazini unapita kwa muuza chipsi, unaweka na mishkaki miwili, halafu unapewa mahindi na maharage milo minne mfululizo! Tumbo likaanza kuniuliza maswali.

Lakini hizo zote ningevumilia. Kilichoniua ni kusubiri.

Alhamisi nimeamka saa kumi na mbili, nikavaa shati la maana, viatu nimepaka rangi, nimekaa kibarazani kwenye kiti cha mbao. Naangalia njia. Anayepita ananisalimia, anaendelea na safari yake. Saa mbili. Saa nne. Saa saba.

Kwenye saa nne alikuja mzee mmoja, fimbo mkononi, koti kuukuu la suti. Akaongea na Tabu kule ndani sauti ya chini. Alipotoka akanipa mkono.

"Hujambo Mwalimu? Habari za Mbweni?"

"Shikamoo mzee. Nzuri tu."

"Marahaba. Baridi yetu unaionaje?"

"Aah, tunapambana nayo mzee."

Akacheka, akaondoka. Nikarudi kukaa kusubiri mjumbe wa Mzee Jonas.

Jioni nikaanza kuchemka. Nikasema hawa wananifanyia makusudi. Wanajua nimekuja, wananiacha nikae baridini ili niingie kwenye kikao nimelegea. Wapare hawa! Nikawasema wote peke yangu chumbani, mmoja mmoja, kuanzia baba mkwe.

Ijumaa vilevile. Shati la pili. Kiti kilekile. Yule mzee wa fimbo akaja tena, akaongea na Tabu, akatoka, safari hii uso umekunjamana.

"Mwalimu, ulipopanda juzi, njia ilikuwaje huko chini?"

"Mbaya sana mzee. Kona zile zitakuja kuua mtu."

Nilimwona ameshtuka. Akanishika bega, akasema haya mwanangu, akashuka ngazi pole pole. Nikajiuliza huyu naye ana nini, halafu nikaendelea na hasira zangu.

Mchana nikapanda kilima cha shule kutafuta mtandao. Nusu saa ya kupanda, mapafu yanawaka. Nukta moja ikashika. Nikampigia baba mkwe. Haipatikani. Nikampigia Loveness, nikasahau kwamba nimeblokiwa. Nikampigia tena baba mkwe. Haipatikani. Kudadeki, nilitaka niitupe ile simu bondeni!

Kurudi gesti nakuta Tabu anapika sufuria tatu kwa mpigo.

"Kuna sherehe?"

"Kesho ni Sabato, Mwalimu. Jiko haliwashwi. Napika leo cha kesho."

"Kwa hiyo kesho nitakula kiporo?"

"Kiporo kina ubaya gani? Nitakifunika vizuri."

Nikaingia chumbani nikabamiza mlango. Kofuli likaanguka. Nikatoka kuliokota, nikamkuta ananiangalia kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliniudhi zaidi.

Najua ulikuwa unajiuliza. Hivi huyu Benson hakuwaza kwamba wanamtafuta kwa jina? Wala! Sijui nikuelezeje. Kijiji chenyewe kidogo, gesti moja, mgeni mmoja. Nikajua mjumbe akija atasema tu yuko wapi yule mtu wa Dar. Isitoshe, kwa gesti nilizozizoea mie, hakuna anayekuja kukuulizia kwa jina lako. Akija, ujue umekwisha.

Jumamosi asubuhi Tabu kavaa gauni jeupe, Biblia kwapani, anafunga milango.

"Twende kanisani Mwalimu. Hapa utakaa na kuku."

Nikawaza haraka. Wakwe zangu watakuwepo kanisani. Basi leo ni leo. Ibada ikiisha namfuata Mzee Jonas mbele ya watu wote, namuuliza, baba, ndivyo mnavyofanya huku? Mtu atoke Temeke aje agandishwe siku tatu kama samaki wa feri?

Nilitembea ile njia nimekunja ngumi. Hotuba yangu yote nilikuwa nayo kichwani.

Tumechelewa, tukakaa benchi la mwisho. Nikamwona Loveness, benchi la tatu upande wa wanawake, kichwa kimeinama. Pembeni yake Clara, nywele zimesukwa. Roho ikanipasuka, lakini hasira ikawahi kuziba. Nikasema angalia, wametulia, wanasali, na mie wamenitupa kule.

Yakafika matangazo. Akasimama yule mzee wa fimbo.

"Ndugu, mimi Benjamin mnanifahamu. Mzee Jonas alinipa kazi ya kumpokea mkwe wake kutoka Dar. Kijana ameondoka huko Jumatano. Nimekwenda gesti Alhamisi, nimekwenda Ijumaa. Hajafika. Simu yake haipatikani tangu siku hiyo. Na wote mmesikia kuna gari lilitoka barabarani Jumatano kwenye kona za chini, majeruhi wamepelekwa mjini, na majina hatujapata. Hatukutaka kulisema mapema, ni jambo la nyumba ya watu. Lakini leo naona tuseme. Tumwombee Benson."

Nilihisi kama nimemwagiwa ile ndoo ya maji, na kabla haijachemshwa.

Kanisa likashuka magotini. Na mie nikashuka nao.

Hapo ndipo nilipomsikia Loveness. Hakulia kwa kujizuia. Alilia kama mtu wa msibani. "Mungu wangu, nilimblok mimi! Nilimblok!" Mama mkwe amemkumbatia. Clara anauliza kwa sauti, "Baba yuko wapi? Bibi, baba yuko wapi?"

Tabu pembeni yangu akaninong'oneza, "Muombee, Mwalimu. Ni mwenzenu wa Dar."

Jamani, nisimame niseme nini?

Nikasimama. "Samahani wazee. Benson ni mimi."

Mzee Benjamin akafumbua macho. "Mwalimu, kaa kwanza, tunaomba."

"Sio mwalimu, mzee. Ndiyo mimi Benson."

Tabu akanivuta shati. "Wewe si Ansbert?"

Mzee Jonas aligeuka. Akanitazama muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. "Ni yeye," akasema.

Clara alikuja mbio katikati ya benchi. Akanigonga miguuni nusura nianguke. Loveness alisimama palepale alipo, machozi bado yanamtoka, mkono mdomoni. Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kanisa zima likapasuka. Watu wanacheka na wanalia kwa pamoja. Mchungaji mwenyewe ameshika mimbari, mabega yanatikisika.

Mie nilicheka pia. Nilicheka kwa sababu nilimwona mke wangu ananililia. Nikajua hapa nimepata.

Siku ya Sabato kesi haisikilizwi, kwa hiyo kikao kikawekwa Jumapili asubuhi. Jioni ile kijiji chote kilipita gesti kunipa mkono. Kila mmoja, "Mwalimu Ansbert, tumefurahi umefufuka!"

Jumapili saa mbili Mzee Benjamin akanifuata. Safari hii alisema jina langu lote, na la babangu, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Nyumbani kwa Mzee Jonas tulikaa sebuleni. Mzee Jonas, Mzee Benjamin, mama mkwe, Loveness na mie. Jikoni kulikuwa kunanukia kuku. Kwa utaratibu wao, kesi ikiisha vizuri mkwe analishwa hapohapo, na akishakula ndiyo amepokelewa. Nilipopita ukumbini nilimwona Clara amekaa juu ya begi lake la shule, limefungwa zipu, viatu vya safari miguuni.

"Baba, naenda na wewe kwetu," akaniambia.

"Tunaenda mama."

Mzee Benjamin akaanza kwa kusimulia upya. "Siku mbili namshika mkono! Namuuliza habari za Mbweni, ananijibu nzuri! Namuuliza njia, anasema kona zitaua mtu. Nikarudi kwa Jonas nalia, nikijua mkwe tumempoteza!"

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Hata Mzee Jonas mdomo ulimcheza.

Halafu akakohoa, pakatulia.

"Mimi nimesikia upande wa binti yangu miezi mitatu," akasema. "Kosa analodai ni zito. Lakini nilimuuliza, una ushahidi? Akaniambia kabla ya kuondoka Dar alikwenda mwenyewe kwenye hiyo gesti ya Manzese. Akamlilia mhudumu, akaonyeshwa kitabu cha wageni, akapitia majina ya mwezi mzima. Jina la Benson hakuliona. Sasa mimi sitavunja nyumba ya mtu kwa maneno ya dukani. Na jana wote tumeona binti bado anampenda mumewe. Benson, una neno?"

"Baba, mie toka siku ya kwanza nilisema wamenifananisha."

"Haya. Loveness, mama, una neno?"

Loveness alikuwa anaangalia mikono yake. "Naomba niulize kitu kimoja, baba."

"Uliza."

Akaniangalia. Bila hasira. Macho yamevimba kwa kilio cha jana.

"Baba Clara, kwa Tabu pale. Kwa nini hukuandika Benson?"

Nikacheka. Nilikuwa nimeshashinda, nafsi imetulia. "Dah, mama Clara, uchovu tu. Zile kona zilinichanganya."

"Kwa hiyo ulikaa ukafikiria jina la kuandika?"

"Wala! Nifikirie nini? Mkono wenyewe tu uliandika. Mazoea tu."

Nilisema hivyo, tena kwa kujitetea, nikitabasamu. Nilidhani najiokoa nisionekane nilikuja kwao na hila.

"Mazoea," Loveness akasema.

Mzee Benjamin alikuwa bado anachekacheka. Akacheka kidogo tena, akaacha.

"Jina, kazi, mtaa," Loveness akaendelea, pole pole. "Vyote vilikuwa tayari."

"Mama Clara, Dar kila mtu anafanya hivyo..."

"Mie nimekaa Dar miaka kumi. Nilipokwenda Dodoma kwenye semina nililala gesti siku tano. Niliandika Loveness."

Mzee Jonas akaegemea mbele. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Benson. Safari za kazi huna, mizigo yako iko bandarini. Kwetu hujawahi kuja miaka minane. Hayo mazoea umeyapatia gesti zipi?"

Nilifungua mdomo. Mie, mtu wa maneno, mtu wa kujibu watu wa forodha kutwa nzima, sikupata jibu hata moja. Niliangalia zulia. Nikaangalia mlango.

Na kila sekunde niliyokaa kimya ilikuwa ndiyo jibu lenyewe.

"Ni kweli baba," nikasema mwisho. "Nilikwenda. Sio mara moja. Ilishakwisha, tangu mwezi wa tano imekwisha, lakini nilikwenda."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga.

Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni. Nikasikia mfuniko unarudishwa kwenye sufuria. Hakurudi tena sebuleni.

Nikamgeukia Loveness nimuombe msamaha. Nikapiga magoti, mbele ya wazee, sikujali. Nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinifanya nikuombe radhi," akasema. "Unakumbuka? Niliuliza swali la haki, nikaishia kukuomba radhi mimi. Nikaenda kupekua daftari la gesti kama mwendawazimu, nikatoka pale najiona mbaya kwa kukushuku. Hata nilipofika huku nilikuwa najiuliza kila siku labda nimekuonea."

"Nisamehe mke wangu."

"Jana nilidhani umekufa, nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Leo umekaa mbele yangu mzima, na sina chozi hata moja. Nalitafuta, silioni."

Akainuka, akapita ukumbini. Nilimsikia anamwambia Clara avue viatu.

"Kwa nini mama?"

"Leo hatusafiri."

"Begi je?"

"Lete nilifungue."

Ile zipu niliisikia mpaka mwisho wake.

Mzee Benjamin alinisindikiza mpaka kwenye gari. Njia nzima hakunitania. Pale stendi akanipa mkono, akasema, "Nenda salama Benson," basi. Nilitamani aniite Mwalimu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa Bwana Hamoud, najaza fomu.

Sasa ni mwaka umepita. Namba yangu imefunguliwa, lakini ni ya kuongea na Clara, Jumatano na Jumapili. Baba mdogo amekwenda mara mbili kuniombea. Mzee Jonas anampokea, anamsikiliza, anamwambia mwenye neno la mwisho ni Loveness. Loveness anasema bado. Hajasema hapana, hajasema ndiyo. Ameanza kufundisha shule ya awali kijijini, Clara anasoma hapohapo.

Nawaandikia haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakinipa pole kwamba nilipatwa na bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Siku mbili nzima nilikaa kwenye kile kiti nikimlaani Tabu, nikalaani makande, baridi, choo, wakwe, mpaka simu. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa mie. Na watu niliokuwa nawalaani walikuwa wananitafuta barabarani, wanaogopa nimekufa.

Hakuna aliyenifumania. Hakukuwa na picha wala meseji. Mke wangu aliuliza swali la kawaida tu, nami uongo nilikuwa nimeuzoea mpaka nikausema kwa tabasamu nikidhani ni utetezi.

Braza, sista, kama kuna kitu unakificha nyumbani kwako, kakiseme leo. Kaseme wakati bado kuna mtu wa kukulilia.